Elfu Tano si Kubwa Kuliko Elfu Tatu?

Ukitaka kujua ukoo wenu una mafundi wangapi, tangaza kwamba unanunua vifaa uunge kompyuta mwenyewe. Shemeji yangu, ambaye mara ya mwisho kufungua kompyuta alikuwa anamsaka mende, alinipigia simu usiku. "Shemeji, usihangaike. Chukua i7, basi. Mimi yangu ni i7." Ni kweli, ni i7. Ni i7-2600 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, na huitaja kwa sauti ile ile ambayo wengine hutajia shahada zao. Mwambie kwamba i3-12100 ya mwaka 2022, yenye viini vinne kama hiyo yake, inaiacha mbali, uone kama utakaribishwa tena chai. Na hayuko peke yake. Kariakoo mashine za mitumba hupangwa kwa hesabu hiyo hiyo: i3 chini, i5 katikati, i7 juu usawa wa macho, na zile tarakimu zinazofuata, ambazo ndizo zenye habari yote, zimezibwa na kibandiko cha bei.

Mimi nisingeingia kwenye mambo haya kama si Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inazikataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Yangu ilikuwa ya kizazi cha nne. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Herufi hazihitaji nguvu za kurusha roketi. Lakini mpwa wangu aliposikia neno "kuunga" alikuja siku hiyo hiyo na daftari.

Wakati wote huo ubishi ulikuwa wa prosesa. Bodi hakuna aliyeiulizia, kwa sababu haina jina la kuringia. Na bodi ndiyo mwenye nyumba. Prosesa ni mpangaji tu. Aje na sifa kiasi gani, mwenye nyumba asipomkubali atalala nje na godoro lake. Intel wana tabia ya kubadili kitasa: soketi 1151 mwaka 2015, 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka 2021, 1851 mwaka 2024. Hapo sijataja kituko cha 2017, prosesa za kizazi cha nane zilipokuja na hesabu ile ile ya 1151, zinaingia kwenye bodi ya zamani, zinakaa sawasawa, ila haziwaki. AMD wao walishikilia kitasa kimoja. Soketi yao ya AM4 ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mwaka 2024 walikuwa bado wanaitolea prosesa mpya. Iliyofuata, AM5, inataka rami za DDR5 tu, na mfuko wangu ulishaonyesha msimamo wake.

"Mjomba, twende na AM4," mpwa wangu akasema, akifunga daftari. "Soketi moja, prosesa za miaka saba. Hapo hakuna namna ya kukosea."

Dukani akachagua Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 na bodi ya B450, aina iliyotoka 2018. Boksi la bodi lilikuwa na kibandiko kinachosema iko tayari kwa Ryzen 3000. Nikauliza kama itakubali ya 5000. Muuzaji alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, elfu tano si kubwa kuliko elfu tatu? Kama ya elfu tatu inaingia, hii itashindwaje?" Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuguna. Hesabu yenyewe ilikuwa na mantiki ya daladala: ukilipa nauli ya Mbezi, Ubungo utashuka ukitaka.

Nyumbani feni ikazunguka, taa zikawaka nyekundu na bluu mpaka watoto wa jirani wakaja dirishani, na kioo kikabaki cheusi. Bodi ina orodha ya prosesa inazozifahamu, iliyo ndani ya bayosi yake, na hii yetu ilikuwa imekaa stoo tangu kabla mgeni wetu hajazaliwa. Kumwandikisha ni rahisi: unaweka bayosi mpya. Ila ili uiweke, sharti mashine iwake. Ili iwake, sharti iwe na prosesa inayoifahamu. Kuna bodi zenye kitufe cha kumaliza kazi hiyo kwa flashi peke yake. Yetu ilikuwa na mahali pa kitufe, pamechorwa duara zuri kabisa, kitufe hakuna. Nikadhani ni balaa la Kariakoo, kumbe mwaka 2018 AMD wenyewe walifikia kuwaazima wateja prosesa ya zamani ili waamshe bodi zao.

Sisi tulimpata fundi mwenye Ryzen 3 2200G. Kuiazima alikataa, alikuja nayo mwenyewe, kaishika mkononi kama kifaranga. Akaweka sharti: bayosi haiguswi mpaka aone UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi inageuka kigae. Mke wangu akapitia mlangoni. "LUKU imebaki uniti mbili." Kazi ikasimama, akatumwa mtoto.

Bayosi ikaingia, picha ikaonekana, tukapeana mikono. Fundi akashika feni aivue, na prosesa yake ikatoka imeganda chini ya feni, imeng'oka kwenye soketi ambayo bado ilikuwa imefungwa. Ile dawa ya kupitisha joto ilikuwa imekauka. Dawa yake ni kuiacha mashine ipate moto kwanza, kisha unaizungusha feni taratibu kabla ya kuinua; hilo alitueleza yeye mwenyewe, baadaye, kwa sauti ndogo. Prosesa za AM4 zina pini 1331 tumboni, nyembamba kama nywele. Safu moja ya pembeni ilikuwa imelala. Hakuna aliyesema neno. Akaomba penseli ya kubonyeza, akaitoa risasi, akaanza kuzisimamisha pini moja moja kwa ncha tupu, na kila alipovuta pumzi na sisi tukavuta.

Zilisimama zote. Tukaweka ya kwetu, 5600, tukawasha. Taa zile zile, giza lile lile.

"Kadi ya picha iko wapi?" fundi akauliza.

Nikamwonyesha tundu la HDMI nyuma ya bodi. Akatikisa kichwa. Tundu lile ni mlango tu. Picha lazima itengenezwe na prosesa, na kwa Ryzen za ukoo huu ni zile zenye herufi G tu zinazoitengeneza. Yake ilikuwa nayo. Yetu haina. Nikageuka kumtafuta mpwa wangu, akawa anaangalia dari. Kumbe alijua. Mpango wake ulikuwa kwamba nikishakolea, nitanunua kadi ya picha, na kwa bahati iwe ile inayocheza mpira wa kwenye kompyuta.

Tukarudi dukani kubadilisha ichukuliwe 5600G. Njia nzima alininong'oneza kwamba ya G ina kashe ya megabaiti 16 tu, wakati 5600 ina 32, kwamba nitajuta. Muuzaji akaipokea prosesa, akaigeuza, akahesabu pini kwa macho, akasikiliza kisa chote mpaka mwisho.

"Sasa mzee wangu," akasema, "si ungesema tangu mwanzo kwamba unataka na kuona?"

Nikaongeza hela ya kuona. Mpwa wangu alikuwa kaunta ya pili, anauliza bei ya kadi ya picha.