Nimefika Hapa

Jumatatu
Abiria amepiga simu kutoka stendi ya Mbezi. Juu ya tiketi yake ya Dar es Salaam kwenda Mwanza, kabla ya namba ya kiti, pamechapishwa "nimefika hapa". Kondakta amemwambia kama ameshafika, awapishe wenzake. Nimefungua msimbo wa PHP wa mfumo wetu wa tiketi. Fundi aliyenitangulia alikuwa akisaka kosa, akatawanya mistari ya echo njia nzima: "nimefika hapa", "hapa 2", "hapa kweli". Kisha akapata kazi kwingine. Echo haimjui fundi. Humkabidhi maneno yeyote aliyefungua ukurasa. Ujumbe wa fundi huandikwa kwa error_log(), ukaishia kwenye logi ya seva, abiria asijue lolote. Nimemweleza hivyo kondakta. Ameniuliza kama abiria apande au asipande.

Jumanne
Kijana wa mafunzo alitaka kuona kampuni ya simu hutuletea nini mteja akishalipa. Ameweka var_dump() kwenye skripti inayopokea taarifa za malipo. Wenzetu kule wanasubiri jibu fupi la JSON, kwamba tumepokea. Badala yake wamerudishiwa data yao wenyewe, imemwagwa yote na aina zake, string na int. Wakaona hatujaelewa, wakatuma tena. Na tena. Kila taarifa ikakata tiketi mpya. Mama mmoja wa Morogoro amepata SMS za viti vyote vya upande wa dirisha. Ameuliza kwa upole kama watoto wanalipa nusu.

Jumatano
Kijana amehamia error_log() kama alivyoelekezwa. Hataki ujumbe wake uchanganyike na wa Apache, kwa hiyo ameutengea faili ndani ya php.ini. Akaendesha skripti kwa mkono kwenye terminali: ujumbe huo. Akafungua tovuti kwa simu: kimya. Ameshinda mbele ya tail -f kama mvuvi aliyesahau kuweka chambo. Chai imeletwa, imepoa, imeondolewa. Seva yetu ni ya Debian, na Debian ina php.ini ya terminali na nyingine ya Apache. Yeye amehariri ile ya terminali. Ujumbe wa tovuti umekuwa ukiingia error.log ya Apache kutwa nzima, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Jioni amesoma kwamba error_log() ikipewa namba 1 hutuma barua pepe. Ameweka anwani ya mkurugenzi.

Alhamisi
Ujumbe wa majaribio wa kijana unasema "malipo yameingia". Mkurugenzi amezikuta barua hizo alfajiri, zimejaa. Amempongeza meneja wa mauzo mbele ya watu wote. Meneja ameshukuru.

Mchana, ubishi. Mteja alikatwa pesa bila tiketi. Simu yake inasema 09:15. Logi inasema 06:15. Dada wa malalamiko ameandika 3:15. Seva imewekwa UTC, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Dada ameandika saa tatu na robo kama binadamu yeyote. Nimesema ni wakati mmoja. Mhasibu ameona ninakwepa, akapendekeza tuchukue wastani. Wastani wa saa hizo ni 06:15. Amesema basi seva ndiyo mkweli, akafunga daftari.

Ijumaa
Hakuna anayeweza kuingia kwenye mfumo, hata mkurugenzi. Ujumbe mwingine wa kijana ulikuwa ndani ya kitanzi, kila mzunguko ukiandika kwenye logi orodha nzima ya abiria kwa print_r(), pamoja na namba zao za simu. Diski imejaa asilimia 100, na PHP haina pa kuhifadhi vikao vya watumiaji. Kijana amefuta logi kwa rm. Diski bado asilimia 100. Apache ilikuwa bado imelishikilia faili hilo. Jina limeondoka, mwili upo. Angelikata kwa truncate, nafasi ingerudi papo hapo. Tumeizima Apache na kuiwasha upya, nafasi ikapatikana. Lile kosa la malipo lilikuwa limeandikwa vizuri sana kwenye faili lililofutwa.

Jumamosi
Mkurugenzi ameagiza ujumbe wote wa kudibagi uzimwe, kwa kuwa unajaza diski na unatia watu hofu. Umezimwa. Saa nane mchana mteja amepiga: amelipa jana, tiketi hajaiona. Tumefungua logi. Ni nyeupe.

Tumemwomba mteja atueleze mwenyewe ilivyokuwa. Ameanza na harusi anayokwenda, ukoo wa bwana harusi, na kwa nini hawapandi gari la mchana. Nimeandika yote. Muda wa malipo anaukumbuka barabara: saa tatu. Kuhusu ya asubuhi au ya usiku, amesema atamuuliza mumewe.