Shangazi wa Mjini Anajibu: Nani Alikuwa Ndani ya Drive-In?

Msimu wa watu wazima kukumbukana umeingia. Kila aliyemaliza kidato cha nne Dar es Salaam enzi za chai-maharage na mabasi ya UDA sasa yumo kwenye kundi la simu la wahitimu, na kila kundi lina ugomvi wake. Sanduku langu limefurika. Nimechagua barua nne ambazo hali ya mgonjwa ni mbaya zaidi. Wengine someni majibu ya wenzenu, maana ugonjwa ni mmoja na dawa hazitofautiani sana.

*

Shikamoo Shangazi. Nilimaliza 1979. Juzi mwenzetu alianza kusimulia Jumapili za Drive-In pale Msasani: gari la baba yake, spika imening'inia dirishani, bisi mapajani, picha ya Kihindi. Mara darasa zima likadai lilikuwemo ndani ya gari hilo. Shangazi, watu arobaini! Na gari lenyewe lilikuwa Datsun. Tena baba yake ninavyomkumbuka alikuwa na pikipiki. Mimi najua tulikaa nje ya uzio, tunaona picha bila sauti. Nikisema hivyo naambiwa nina roho mbaya. Nifanyeje?
Shahidi wa Nje, Ilala

Marahaba mwanangu. Una haki, ila haki yako haina mnunuzi. Drive-In ilifunguliwa 1966, na katika miaka yenu mwenye gari la binafsi alijulikana mtaa mzima kwa jina na kwa namba ya gari. Wote wanaodai walikuwa ndani wangekuwa ndani kweli, foleni ya kuingia ingefika Morocco.

Wasamehe kidogo. Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo sinema ndiyo ilikuwa mambo yote: Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Kijana aliyekosa picha ya Jumapili alikosa mazungumzo ya Jumatatu, na aliyekosa mazungumzo ya Jumatatu alilazimika kusikiliza hisabati. Ndiyo maana tulijifunza kusimulia picha ambazo hatukuziona. Wenzako wanaendeleza kipaji tu.

Ukitaka kuwapima, usiwaulize rangi ya Datsun. Waulize kuhusu kioo cha dirisha. Aliyekuwa ndani atakwambia spika ikishaning'inizwa kioo hakifungi hadi juu, kwa hiyo mbu wote wa Msasani walitazama picha bure wakiwa humo humo. Atakayesimulia machozi ya steringi bila kutaja mbu hata mmoja, huyo mpe pole uendelee na mambo yako.

Halafu nikuulize wewe. Nje ya uzio, bila sauti, nani alikuwa anamsemea steringi, na nani alikuwa anamsemea adui? Najua mligawana, kila kundi la nje liligawana. Na najua maneno mliyomwekea baba mkwe mdomoni hayakupita kwenye kamati yoyote ya ukaguzi wa filamu. Hadithi hiyo hakuna mwenye Datsun anayeweza kukuibia, kwa sababu hakuisikia. Iandike kwenye kundi leo usiku. Kesho asubuhi utaona darasa zima linahamia nje ya uzio.

Jambo moja la tahadhari: usiende kuthibitisha. Pale leo ni ubalozi wa Marekani. Ukijaribu kukaa nje ya uzio huo jioni na wenzako sita, mtaulizwa shida yenu kabla hamjakunja magoti.

*

Shangazi, mke wangu kajiunga na kundi la darasa lake. Kila usiku anacheka na simu. Jana nimesikia sauti ya kiume ikimuuliza, "Unakumbuka Sno-Cream?" Akacheka mpaka akatoka nje kupunga upepo. Kumuuliza, ananijibu, "Tulikula aiskrimu tu." Tuna miaka 26 ya ndoa na hajawahi kuicheka hivyo aiskrimu yoyote niliyomnunulia mimi.
Mume Asiyelala, Tabata

Lala, baba. Sno-Cream ya Mtaa wa Mansfield naijua. Kwa mwanafunzi wa enzi hizo, ile ilikuwa safari ya kuandaliwa kwa wiki kadhaa: nauli inabanwa, hela ya maandazi inabanwa, mwisho vichwa sita vinainamia bakuli moja na kila mtu kijiko chake. Katika historia ya jiji hili hakuna penzi lililoota kwenye bakuli la watu sita. Kilichoota ni uadui, na chanzo chake kilikuwa ile cheri ya juu.

Anachokicheka mkeo ni safari ya kurudi. Hela imeisha, Magomeni iko mbali, na wamevaa sare. Ikarus kumbakumba linapita limejaa, mlango umefungwa kwa mgongo wa mtu. Basi wanatembea kutoka Posta, jua la saa nane, huku kila mmoja akitunga sababu yake ya kuchelewa. Wakifika Jangwani wanagundua sita wote wametunga msiba wa mwalimu mmoja, ambaye jioni ile ile mama wa mmoja wao alikutana naye sokoni, mzima, akichagua nyanya. Mambo kama hayo huchekwa miaka arobaini na hayachuji.

Na huyo bwana mwenye sauti nzito usimwogope. Kwa umri wake, akiuliza "Unakumbuka?" anauliza kwa dhati. Yeye hakumbuki.

Dawa yako ni hii. Kesho mwombe mkeo akusimulie safari hiyo tangu mwanzo. Usiulize nani alilipa. Usiulize nani alikaa karibu na nani. Ukishindwa kabisa kujizuia, uliza nani alikula cheri, halafu uone macho yake yanavyowaka. Jumamosi mpeleke kula aiskrimu, na mkirudi, ziachie daladala mbili zipite.

*

Shangazi shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya makutano ya darasa letu la 1991. Kamati inataka hoteli ya ufukweni: laki mbili na nusu kila mtu, fulana, mshereheshaji, na kamera ile inayoruka angani. Kundi jingine linataka twende Coco Beach kula mihogo kama zamani. Tuko 43, waliolipa ni wanane, na sita kati yao ni wanakamati. Nimechoka kudai.
Katibu Mchovu, Sinza

Marahaba. Hesabu umeileta mwenyewe, mimi nitaisoma tu kwa sauti: watu wanane watakaa ukumbi wa hoteli wakikumbushana siku ambazo hawakuwa na shilingi, na waliobaki nyumbani hawakwenda kwa sababu hawana shilingi. Mshereheshaji atalazimika kucheka peke yake, na analipwa kwa saa.

Tena nakueleza siri ambayo kila katibu huigundua amechelewa. Hadithi ziko kwa wale ambao hawajalipa. Mliolipa mlikuwa watoto wa kukaa mstari wa mbele. Nyie mnakumbuka masomo. Aliyejua pa kupenya Sabasaba bila tiketi leo anauza vipuri Gerezani, na laki mbili na nusu ni mtaji wake wa wiki.

Nenda Coco Beach. Muhogo wa kukaanga bado unapasuliwa katikati moto, unatiwa pilipili na chumvi, kachumbari pembeni, na bado unaunguza vidole kwa mtu asiye na subira. Kila mtu ajilipie wake. Mwenye nacho anunue madafu ya watu watano bila kutangaza. Viti beba, maana miamba ni ile ile lakini magoti sio yale yale.

Muda fuateni sheria ya disko toto. Unalikumbuka? Idi na Krismasi, ukumbi una giza la kulazimisha mchana kweupe, madirisha yamezibwa kwa makhanga, jasho, soda ya moto, na ikikaribia Magharibi taa zinawashwa ghafla na kila mtu anatawanyika kabla baba hajafika mlangoni. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka disko toto akisema lilikuwa refu mno. Anzeni saa kumi, malizeni Magharibi.

Hotuba isiwepo. Mtu mmoja aite majina kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio kama alivyokuwa akiita mwalimu wa zamu. Waliopo waitike. Waliotangulia mbele ya haki waombewe dua pale pale jina linapotajwa, kisha muendelee. Hao wanane warudishiwe fedha zao, ila mwenye kamera ya kuruka angani muombeni radhi kwanza. Nasikia alishanunua betri.

*

Majibu mafupi

Kwa Bitozi Mstaafu, Temeke: Suruali ya pekosi haikupungua sandukuni. Fundi hana kosa. Na viatu vya raizoni usivipande kabla hujazungumza na daktari wa mifupa.

Kwa Mpenzi wa Zamani, Ukonga: Hapana. Hata kama yeye ndiye aliyeanza kuweka ua kwenye ujumbe. Lile ua aliweka kwa watu 43.

Kwa Tuliaga Tunaenda Maktaba, Keko: Ndiyo, mama alijua mlipanda pantoni mkaenda Kigamboni kuogelea. Alijua siku ile ile. Hakuna maktaba inayotoa mchanga kwenye soksi.

*

Shangazi, mimi ni mwenyekiti wa wahitimu wa shule yetu wa mwaka 1986. Nje ya ukuta wangu kuna vijana wanakaa kila jioni. Hawaibi, hawatukani, wanacheka tu na kusikiliza singeli kwenye simu. Nimepanga vipande vya chupa juu ya ukuta, nimemwaga oili chafu kwenye kibaraza, wakaleta maboksi wakakalia. Enzi zetu vijana tulikuwa na adabu. Naomba uniandikie barua kali ya kuwaondoa. Pia naambatanisha hotuba yangu ya makutano, "Kijiwe Chetu cha Dhahabu," unisahihishie.
Mwenye Ukuta, Mbezi Beach

Mheshimiwa mwenyekiti, nimesoma vyote viwili, na ni bahati kwamba nimevisoma siku moja.

Tuanze na adabu. Ukipiga hesabu, ulizaliwa karibu na 1969. Mwaka huo ulifunguliwa na Operesheni Vijana: Vijana wa TANU walitangaza kwamba kuanzia Januari mosi sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ni mwiko mjini. Kabla mwaka haujaisha, muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hayo yote walifanyiwa kaka na dada zako, ambao leo ni babu na bibi wanaosema singeli ni kelele. Kila kizazi cha mji huu kimeambiwa adabu iliishia kwa waliotangulia. Ukitafuta kizazi chenye adabu hiyo utarudi nyuma hadi ufike kijiji cha wavuvi cha Mzizima, na hata huko utamkuta mzee anawafukuza vijana kwenye mtumbwi wake.

Sasa hotuba. Ukurasa wa kwanza ni shukrani, futa. Ukurasa wa pili unasema kijiwe chenu kilikuwa ukuta wa mzee mmoja Upanga, mliyempa jina la utani ambalo sitalichapisha. Unaandika kwamba kila jioni alitoka na bakora, akapiga kelele moja, akarudi ndani kunywa chai. Miaka mitano alifanya hivyo. Hamkuwahi kujiuliza kwa nini bakora ile haikumgusa mtu? Ukuta ule ulikuwa na upana wa kukalika. Angetaka, angepanga chupa. Chupa zilikuwepo hata wakati huo.

Mwanangu, kila mahali mnapolilia kwenye makundi yenu palikuwa na sifa moja: kijana aliweza kukaa hapo bila kununua kitu. Nje ya uzio wa Drive-In, kwenye miamba ya Coco, kwenye sitaha ya pantoni, kwenye ngazi za sinema baada ya picha kuanza na walanguzi wa tiketi kuondoka. Bakuli moja kwa watu sita ni namna ya kukaa pia. Leo mpe kijana wa miaka 16 jioni moja na mfuko mtupu uone ataenda wapi. Kwenye maduka makubwa mlinzi atamwuliza anasubiri nani. Mgahawani kiti kina bei ya kahawa. Kiwanja cha mpira cha mtaa kina msingi wa ghorofa. Lilipofunguliwa Daraja la Tanzanite 2022, watu walikuwa wakienda kupiga picha na kupunga upepo juu ya barabara ya magari, kana kwamba ni bustani. Mji uliokosa pa kukaa, hata daraja linageuka baraza.

Vijana wako wamepata kibaraza. Kina oili, kina chupa juu yake, na bado ni bora kuliko walikotoka.

Basi amri zangu. Chupa ziondolewe, kwanza paka wa jirani atakushukuru. Oili ipigwe sabuni na maji ya moto. Pembeni ya geti lijengwe benchi la saruji, na taa moja iwekwe juu yake, ili mama zao wakipita waone nani yupo. Masharti utoe wewe: saa tatu usiku kila mtu kwao, sauti ya simu isivuke ukuta, takataka ziondoke na mwenyewe. Kila jioni una ruhusa ya kutoka mara moja kupiga kelele. Bakora ni hiari.

Barua ya kuwaondoa sikuandiki. Karatasi yake nimeitumia kukuandikia mahitaji: saruji mifuko mitatu, mchanga, kokoto, nondo kidogo, na ujira wa fundi wa siku moja. Fedha ziko: nasikia kuna kamati ya 1991 inavunja mkataba na mshereheshaji, bila shaka na yenu inaweza. Ikiwa mtabaki na salio, wekeni benchi la pili. Shangazi hupita Mbezi Beach Alhamisi, na miguu yake inauma.