Uchaguzi wa Spika

Jumamosi moja mwandishi wa makala haya, mkazi wa Manchester na mzaliwa wa Changamwe, aliulizwa kwenye simu na shemeji yake wa Mombasa anafanya nini siku hizi. Akajibu kwa unyonge: "Nachagua spika. Wiki ya tatu hii, na mama watoto ameshachoka." Shemeji, ambaye siasa kwake ni chai ya asubuhi, akataka kujua tangu lini Waingereza wamewaruhusu watu wa Changamwe wawachagulie Spika wa Bunge. Neno moja dogo lingeokoa mazungumzo hayo. Spika wa Bunge ni "wa", spika ya treni ni "ya". Mwandishi hakutia lolote kati ya hayo mawili, na kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa unampongeza.

Treni yenyewe ni ya mezani. Ni mfano wa Garratt, daraja la 59, vile vichwa vya treni vya mvuke vilivyokuwa vikivuta mizigo ya Reli ya Afrika Mashariki kati ya Mombasa na Nairobi. Vilikuwa 34, vyote kazi ya kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, hapo hapo Manchester, katikati ya miaka ya 1950, na vikapewa majina ya milima ya kwetu. Kimoja, namba 5918, Mount Gelai, bado kimesimama kwenye makumbusho ya reli jijini Nairobi. Kilikuwa na uzito wa tani 252. Ukikipunguza mara 87 kila upande, kama wanavyofanya watengenezaji wa mifano, unapata kitu cha sentimita 36 hivi, na kwa hesabu uzito wake haufiki hata gramu 400.

Mlio ndio usiokubali kugawanywa kwa 87.

Na mlio ndio aliokuwa akiutafuta. Utotoni alilala akiusikia: treni imetoka kisiwani, imevuka Makupa, sasa inaanza kupanda. Kichwa cha kawaida chenye silinda mbili hupumua mara nne gurudumu linapozunguka mara moja, maana mvuke husukuma pistoni mbele na nyuma. Garratt ina injini mbili chini ya boila moja, na hizo mbili hazikufungwa pamoja. Ni kama kina mama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mapigo yanalingana, yanaanza kupishana, yanachanganyikana kabisa, kisha taratibu yanarudi kulingana. Dekoda, yaani kile kibao kidogo cha elektroniki kinachohifadhi milio na kuendesha mota, huweza kuigiza hayo yote vizuri. Kazi ya spika ni kuyatoa nje.

Spika ya kwanza ilikuwa ya duara, milimita 40. Mwandishi aliinunua kwa kanuni ileile anayonunulia sufuria, kwamba kubwa haimtupi mtu. Alipoifikisha nyumbani akakuta tenki la maji la mfano wake, ambamo spika ingekaa, halifiki upana huo. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa treni.

Ya pili ilikuwa ndogo kama kipande cha sukari, na wenye fani wanaiita hivyo hivyo, kipande cha sukari: milimita 11 kwa 15, ndugu wa zile zilizomo ndani ya simu za mkononi. Akaiunganisha ikiwa tupu na kuwasha. Kilichotoka kilikuwa nzi ndani ya chupa. Alimtumia mjomba wake, mstaafu wa reli, sauti hiyo kwa WhatsApp, na mzee akajibu kwa maneno mawili: "Hiyo cherehani?" Mpwa akajitetea kwamba mzee alikuwa akisikiliza kwa spika ya simu, ambayo nayo ni kipande cha sukari tu. Mzee akasema simu yake haina tatizo, jana imetoa taarabu vizuri kabisa.

Mzee alikuwa na haki. Utando wa spika unaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana, na ya chini, yale ya besi, ndiyo hufa kwanza. Kwa hiyo spika inataka sanduku, tena lililozibwa kila upande, ili hewa ya nyuma isizunguke kuja mbele. Shemeji alipoelezwa hayo alicheka mpaka simu ikamponyoka: hata huko Ulaya, uchaguzi wa spika hauendi bila sanduku!

Sanduku lilipatikana, ila lilikuwa na ufa. Ilikuwa Jumapili, maduka ya vifaa yamefungwa, na jikoni kulikuwa na donge la unga wa chapati lililokwisha kukandwa. Mwandishi alilimega kidogo. Kwa muda wa saa mbili treni ilinguruma kama simba. Kisha unga ukakauka, ukapasuka, na Garratt ikaanza kupiga miluzi kama birika. Kesho yake akaja na silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki. Harufu ile ni asidi, na asidi hula shaba ya nyaya. Ikabidi ibanduliwe yote kwa kijiti cha meno.

Halafu kulikuwa na mkoromo. Kila treni iliposimama ilisikika ikikoroma, na mwandishi akatumia jioni mbili kuilaumu dekoda. Spika ina sumaku. Sumaku ilikuwa imenyakua skrubu ndogo kutoka mezani, nayo skrubu ikakaa juu ya utando ikicheza ngoma. Pini mbili za mama watoto zilikutwa papo hapo.

Siku ya maafa ilikuwa ile aliyoamua kwamba Garratt yenye injini mbili inastahili spika mbili, moja kwenye tenki la mbele na nyingine la nyuma. Wazo lenyewe halikuwa baya.  Lakini aliziunganisha sambamba. Spika mbili za omu 8 zikiwekwa sambamba huwa omu 4, na karatasi ya dekoda, ambayo aliisoma baadaye, ilisema isipungue 8. Treni ikaondoka kituoni kwa mlio mzito, mtamu, hasa ule wa Changamwe. Ilipofika kona ya pili ikaanza kutoa moshi. Watoto wakapiga makofi. Ni baba yao peke yake aliyejua kwamba dekoda ile iligharimu karibu pauni 100.

Ya sasa ni dekoda ya pili. Vipande viwili vya sukari, kila kimoja ndani ya kisanduku chake kilichozibwa kwa gundi isiyonuka siki, vimeungwa mfululizo, chanya ya kimoja kwa hasi ya mwenzake ili tando zote mbili zisukume kwa pamoja. Jumla ni omu 16. Sauti imepungua kidogo, na kwa mara ya kwanza mama watoto ameunga mkono uamuzi wa kiufundi. Besi ya tani 252 haimo, wala haitakuwemo. Utando wa ukubwa wa ukucha hausukumi hewa ya kutosha. Ila yale mapigo mawili yanasikika yakipishana na kurudi.

Rekodi mpya ilitumwa Mombasa. Mjomba aliisikiliza mara tatu, kisha akapiga simu mwenyewe. "Sasa inapanda," alisema. "Lakini dereva wako anakwenda mbio mno. Pale Changamwe hatukuwa tunapita hivyo."

Spika ya milimita 40 ingali ipo, imetumika nusu saa tu. Anayeitaka atapewa bure, sanduku ajitafutie mwenyewe.