Oili ya Mkweche: Mwongozo kwa Asiyependa Kuuliza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyenunua gari la mwaka 2004 lililoshuka bandarini Dar es Salaam likionyesha kilomita 78,000 kwenye dashibodi, naye akaziamini. Mtu huyo ni mwema. Ana imani na binadamu, na binadamu wa gereji za Gerezani wanamsubiri kwa hamu.

Siku ya kwanza utakayokwenda kumwaga oili utakutana na madhehebu mawili. La kwanza linahubiri ishirini-hamsini (20W-50): gari la zamani, oili nzito, maneno yameisha. La pili linahubiri sinthetiki, ile ya galoni linalong'aa, inayorudisha ujana wa injini na kuosha dhambi za wamiliki waliotangulia. Wahubiri wa pande zote mbili hawatakuuliza injini yako ni ipi. Usiwakumbushe, utaharibu ibada. Nairobi, ambako sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, magari huzeekea hapohapo nyumbani, lakini ukipita Kirinyaga Road utasikia mahubiri yaleyale.

Jambo la kuepuka kuliko yote ni kufungua kitabu cha gari. Kimo kwenye kile kisanduku mbele ya kiti cha abiria, kimeandikwa Kijapani, na hicho ni kisingizio kizuri. Shida ni kwamba tarakimu hazina Ujapani wowote: ukikifungua kwa bahati mbaya utakuta 5W-30 imekaa katikati ya maandishi, imetulia, inasomeka hata na mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye baadhi ya magari wameichapa mpaka juu ya kifuniko cha kujazia oili. Hapo fumba macho.

Ukishindwa kujizuia ukasoma, fundi atakuambia, "Hiyo ya Japani, bosi. Kule barafu, huku joto." Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, ndiyo maana yanauzika. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Makete yenyewe, mwezi Julai, viazi vikiunguzwa na baridi, haijafika huko. Kwa hiyo kwenye kuwaka asubuhi huna ugomvi mkubwa. Ugomvi upo kwenye namba ya pili, inayopimwa kwenye nyuzi 100, yaani oili ikiwa imeshapata moto kazini. Na moto huo Dar es Salaam hautofautiani sana na wa Osaka, kwa sababu rejeta na thamostati zimefungwa humo kwa kazi hiyo. Labda kama thamostati yako iling'olewa na fundi, kwa hoja hiyohiyo ya joto la kwetu.

Chukua IST au Vitz ya enzi hizo yenye injini ya 1NZ-FE. Ina VVT-i, mtambo unaobadilisha muda wa vavu kufunguka, na unaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Waliouchora walikuwa na oili nyepesi akilini. Ukiimiminia injini hiyo ishirini-hamsini haifi. Inazunguka, inakunywa petroli kidogo zaidi, oili inachelewa kupanda juu kila unapowasha asubuhi, na wewe huoni lolote. Ndiyo maana dhehebu la kwanza lina waumini wengi.

Haki yake nalipa: oili nzito ina kazi yake halali. Injini ambayo ringi zimelika inavuta oili kidogo ikipewa nzito, na kelele hupungua. Wauza magari wanaijua kazi hiyo kuliko mafundi. Ukikuta Mark II inauzwa na injini yake imetulia isivyo kawaida, chomoa stiki ya oili, chukua tone, lisugue kati ya vidole viwili. Likiwa zito kuliko linavyopaswa, unauziwa ukimya wa wiki chache, na bei yake imeshajumlishwa kwenye gari.

Sasa tugeukie sinthetiki. Ukilipa mara mbili au zaidi ya bei ya oili ya kawaida una haki ya kudhani umenunua kitu kilichoundwa kiwandani kuanzia molekuli ya kwanza. Huenda. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, imegawa oili za msingi katika makundi matano. La kwanza na la pili ni zao la mafuta ghafi yaliyosafishwa. La tatu nalo hutoka kwenye mafuta ghafi, ila limepikwa upya kwa haidrojeni chini ya presha kubwa. La nne ni PAO, hiyo ndiyo ya kuundwa kweli, na la tano ni mengineyo yote, esta zikiwemo. Mobil iliilalamikia Castrol mbele ya chombo cha kusimamia matangazo huko Marekani, ikidai kwamba bidhaa ya kundi la tatu isiuzwe kwa jina la sinthetiki. Mwaka 1999 Mobil ikashindwa. Tangu hapo galoni nyingi zenye jina hilo zimejazwa kundi la tatu, na kampuni zilizobaki zikaona hakuna sababu ya kuwa mashujaa peke yao.

Kundi la tatu si takataka. Linavumilia joto, haligeuki lami upesi, na halipotei hewani kirahisi. Kwa gari linalokesha kwenye foleni injini ikinguruma, hiyo ni faida ya kweli. Ninachosema ni kwamba usilipe bei ya la nne kwa sababu tu ya rangi ya galoni.

Utaambiwa pia kwamba sinthetiki hupenya, kwamba ukiiweka kwenye gari la zamani litavuja kila sili. Hadithi hii ina mizizi. Oili za PAO za mwanzo, miaka ya 1970, zilisinyaza mpira wa sili, mpaka watengenezaji wakaongeza esta za kuuvimbisha. Shida hiyo iliisha kabla gari lako halijazaliwa. Sili zako zimekakamaa kwa umri, zitavuja kwa oili yoyote, ila ukitumia sinthetiki kitakachodondoka kwenye sakafu ya jirani kitakuwa cha bei zaidi. Kuchanganya nako si dhambi: oili zilizoidhinishwa na API lazima zichanganyike. Umekwama Chalinze, stiki imekauka, na dukani ipo ya kawaida tu? Jaza.

Dukani usigeuze galoni. Nyuma yake kuna herufi mbili zinazoanza na S, na zinaharibu biashara. Oili yenye SF, ambayo bado imejaa kwenye rafu zetu, ni ya injini zilizoundwa mpaka mwaka 1988. Gari la 2004 linaanzia SL. SP, iliyotoka mwaka 2020, inaweza kufanya kazi ya hizo zote zilizotangulia, kwa hiyo "mpya mno kwa gari hili" ni maneno ya mtu mwenye shehena ya SF. Mwenye Peugeot 504 ana hoja tofauti kidogo: kemshafti yake inapenda zinki na fosforasi, ambazo oili nyepesi za siku hizi zimepunguziwa ili kulinda kichujio cha moshi. Ishirini-hamsini haikuwekewa kikomo hicho. Mwache mzee wa 504 na ibada yake, yuko sahihi.

Habari ya kilomita ni tamu zaidi. Fundi atakuning'inizia kikadi: rudi baada ya 3,000. Ukiweka sinthetiki halisi halafu ukatii kikadi hicho, umemwaga oili nzima na kuinunua upya. Kinyume chake kinaumiza zaidi: kununua ya bei rahisi halafu kuisukuma mpaka 10,000 kwa sababu galoni la rafiki yako liliandikwa hivyo. Toyota kule Japani huandika 15,000 kwa matumizi ya kawaida na nusu yake kwa matumizi magumu, na matumizi magumu maana yake ni safari fupi, vumbi na foleni. Kimara mpaka Posta una vyote vitatu kabla ya saa mbili asubuhi. Mimi ningemwaga ya kawaida kwa 5,000, sinthetiki kwa 7,000 na kitu, na gari linalotoa moshi wa bluu nisingelipa sinthetiki kabisa. Injini inayokula lita moja kila kilomita 1,000 haihitaji oili ghali, inahitaji ringi. Mpaka hela ya ringi ipatikane, iwekee ya kawaida ya namba sahihi na uchungulie stiki kila Jumamosi. Wenye 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo wanalijua hili. Pistoni zake zilitoka kiwandani na vitundu vidogo mno vya kurudishia oili, na hakuna galoni lililowahi kuvipanua.

Ukimwambia fundi haya yote atakupa dawa. Kuna ya kuongeza kwenye oili na kuna ya kuosha injini. Hii ya kuosha ni hatari hasa kwa injini iliyotelekezwa miaka mingi: tope lililolala kwa amani linabanduka kwa mkupuo, linakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini iliyoingia gereji ikitembea inatoka ikivutwa kwa kamba.

Mwisho, simama hapohapo akijaza. Injini ya 1NZ-FE hubeba lita 3.7 pamoja na filta, galoni lina lita nne, na fundi mkarimu humimina zote ili usijione umedhulumiwa. Ikizidi sana krankshafti huikoroga, ikajaa povu, na povu halilainishi kitu. Mwambie aishie kwenye alama ya stiki. Kisha liombe galoni tupu na ulitoboe kwa bisibisi mbele yake, chini na ubavuni, kwa kuwa galoni zima la jina kubwa likishaachwa gereji hujazwa oili isiyojulikana na kurudi dukani na kifuniko kipya. Atasema unaharibu, kuna mama jirani hulitumia kubebea maji. Toboa, umnunulie mama ndoo.