Viwavi wa Mlimau

7 Aprili, Thika. Mvua ilinyesha usiku kucha. Mlimau wa kando ya tangi umejaa viwavi wachanga, wa kahawia, wenye baka jeupe mgongoni. Ndege huwadhania kinyesi cha ndege mwenziwe, akawapita. Kijana aliyekuja kufyeka nyasi naye aliwadhania hivyo hivyo: nilipotoka, alikuwa ameshaosha tawi lote la chini kwa mpira wa maji. Wa juu wamesalimika.

10 Aprili. Walionenepa wamejivua ngozi na kuwa kijani. Mjukuu alimgusa mmoja, pembe mbili laini za rangi ya chungwa zikachomoza nyuma ya kichwa pamoja na harufu kali. Basi hakuna shaka: ni Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano.

"Shosho, mkono bado unanuka." Amenawa na sabuni tena. Chai hakunywa.

14 Aprili, Ruiru. Dada alinipigia simu: pasheni inaliwa. Nilikuta viwavi wenye miiba, wamejikusanya, wa jamii ya Acraea. Nilifungua kitabu cha Torben Larsen cha 1991 kuhusu vipepeo wa Kenya nihakikishe mimea yao. Kikombe cha dada kikamwagikia ukurasa wenyewe. Dukani alikuwa ameshauziwa dawa ya viwavijeshi wa mahindi. Hili linaniuma. Mtu angeuliza kwanza ni mmea gani unaoliwa, kwa maana kiwavi wa pasheni hagusi sukuma wiki, na wa mlimau hali pasheni.

Penye ua nikamwona kiwavi wa Danaus chrysippus: milia nyeusi, nyeupe na ya manjano, na jozi 3 za nyuzi nyeusi mgongoni. Hula gugu lenye utomvu mweupe, na sumu ya gugu humkaa mwilini hata akishakuwa kipepeo. Ndege akimwonja mara moja, humwacha. Nilikimbia kumwita dada. Tuliporudi, jirani, kwa wema wake, alikuwa amelisafisha lile gugu na kulitia kwenye moto wa taka.

2 Mei, Thika. Viwavi wa mlimau wamekuwa pupa. Wa kahawia, aliyejishikiza kwenye fito, ametoboka. Wametoka nyigu wadogo sana, wengi. Wa kijani, aliyekuwa majanini, amepasuka alfajiri na kipepeo ametoka mzima. Alipanda kamba ya nguo kukausha mabawa. Nguo zimekaa kwenye beseni mpaka adhuhuri.