Ngeli za Malengo ya Mpiga Picha wa Ridhaa

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya Desemba, mpiga picha wa ridhaa hupatwa na hali ambayo tiba haijaipa jina. Huitoa kamera kwenye begi, huifuta kwa ncha ya fulana, huitazama kwa huruma, kisha hukaa chini na kuandika malengo ya mwaka ujao. Malengo hayo yamekuwa yakizaliwa na kufa miaka nenda miaka rudi bila mtaalamu yeyote kuyaainisha, pengo ambalo makala haya yanakusudia kuliziba. Sampuli ilikusanywa kwa mbinu inayokubalika ya kusikiliza mazungumzo ya watu wanaosubiri chipsi.

Kwanza mkabala. Wanabiolojia wangependekeza majina ya Kilatini, lakini Kilatini hakijawahi kuonekana Kariakoo. Kiswahili kina mfumo wake wa kupanga viumbe, vitu na fikra, nao ni ngeli, zilizomtoa jasho kila aliyepita shule ya msingi. Tumefuata upatanisho wa kisarufi badala ya umbo la nomino, kwa sababu lengo halitambuliki kwa sura yake siku ya Mwaka Mpya, bali kwa jinsi linavyopatana na kitenzi kinachofuata. Mengi, kama itakavyodhihirika, hayapatani na kitenzi chochote.

Ngeli yenye wafuasi wengi kuliko zote ni KI-VI, yaani kifaa na vifaa. Kiini chake ni imani kwamba kati ya mtu na picha nzuri pamesimama kitu kimoja tu, nacho kinauzwa. Mwenye lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera huazimia kununua ya milimita 50. Mwenye 50 anaota 85. Mwenye 85 ameshaanza kuilaumu bodi. Ukimkumbusha kwamba Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Leica na lenzi ya milimita 50, atakubali kwa heshima zote, kisha ataiongeza Leica kwenye orodha.

Adui wa kwanza wa ngeli hii ni Januari yenyewe. Shule zinafunguliwa, ada inadaiwa, na pesa ya lenzi hugeuka sare, madaftari na viatu vyeusi vya kufunga kamba. Adui wa pili ni wa watu wa pwani, nasi tunaona ajabu kwamba anapuuzwa: kuvu, au fangasi kama mafundi wanavyoiita. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa ina unyevu mwaka mzima, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi la sponji ndani ya kabati, gizani, ipo mahali hasa ambapo kuvu ingechagua kuishi. Imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma uone: nyuzi nyembamba za kijivu zimeanzia ukingoni mwa kioo na zinasogea katikati, zikijigawa matawi. Mwanzoni picha haionyeshi kitu. Baadaye taa za barabarani zinavaa ukungu, nyeusi inakuwa kijivu, na mwenye lenzi anahitimisha kwamba anahitaji lenzi mpya. Fundi akiwahi huisafisha. Akichelewa hukuta kuvu imeshakula tabaka la juu ya kioo, na alama hiyo haitoki tena.

Kinga yake ni kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la aina ile ya kuwekea unga, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Msomaji makini ameshaona kwamba viatu vya shule vilivyoimeza lenzi mpya ndivyo vinavyoleta dawa ya lenzi ya zamani. Dawa nyingine ni kuitoa nje na kuitumia, lakini lengo la namna hiyo halijawahi kukutwa katika KI-VI.

Ngeli ya LI-YA, ya somo na masomo, tuipite haraka. Mfuasi wake ametazama video zote. Anaweza kukueleza uhusiano wa tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO hata akiamshwa usingizini. Picha zake hatujafanikiwa kuziona.

Ngeli ya KU, ya kitenzi-jina, ina mambo. Humo mna kupiga, kuamka, kuacha na kuanza. Lengo lake mashuhuri ni kupiga picha moja kila siku mwaka mzima, na uchunguzi wa picha hizo unawezesha kukadiria tarehe bila kalenda. Wiki ya kwanza ya Januari ni mawio ya Coco Beach. Ya pili ni mvuvi na wavu wake. Ya tatu ni kikombe cha chai kilichopigwa kwa juu. Mwisho wa mwezi ni kikombe kilekile, dakika mbili kabla ya saa sita usiku, chini ya taa ya jikoni. Februari ni viatu. Ansel Adams, Mmarekani aliyezunguka milima ya Yosemite na kamera kubwa maisha yake yote, alihesabu picha 12 za maana kwa mwaka kuwa mavuno mazuri. Mfuasi wa KU anataka 365. Zile 353 za ziada zinabebwa na kikombe.

Ndugu wa karibu wa lengo hilo ni kuamka mapema kuwahi mwanga laini. Hapa lawama si za mwenye lengo peke yake. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa kaskazini, ambako jua huchomoza kimshazari na mwanga wa dhahabu hukaa kumsubiri mtu amalize kahawa. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la Januari huchomoza kama saa kumi na mbili na robo na kupanda karibu wima, na saa moja baada ya kuchomoza limeshafika kama nyuzi 13 juu ya bahari. Anayetoka kitandani saa moja anafika soko la Feri na kukuta wachuuzi wenye nusu uso: kivuli cha kofia kimeichukua nusu ya juu.

PA-KU-MU ni ngeli ya mahali: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, popote palipo mbali na mtaa wa mhusika, ambao yeye mwenyewe anashikilia kuwa hauna cha kupiga. Faida moja ya ngeli hii ni Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa. Mwezi Julai wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na mwaka unaanza upya. Wapiga picha hufika kwa wingi. Kwa maoni yetu, lengo lililokufa Februari linaweza kufufuliwa hapo kihalali, fursa ambayo wenzetu wenye mwaka mpya mmoja hawana.

Ngeli ya U ina ubunifu, upekee na umaarufu. Ni nomino dhahania, hazionekani kwa macho, kwa hiyo hazipigiki.

Tunafika A-WA, ngeli ya watu, ambako malengo hayatoki kwa mpiga picha hata kidogo. Ukoo ukishasikia kwamba kijana wao ana kamera “ile kubwa”, ridhaa yake imekwisha. Mazungumzo yafuatayo ni kielelezo:

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Sendofu ya dada yako ni Jumamosi. Kamati ilitaka kukodi mtu, nikawaambia tuna wewe.”

“Lakini mama mdogo, mimi huwa napiga mandhari tu.”

“Sawa, baba. Na ukumbi wenyewe una mandhari.”

Lipo hata hivyo lengo adimu la A-WA: kumpelekea mtu picha yake, imesafishwa kwenye karatasi, mkononi. Zamani haikuwa lengo, ilikuwa ndiyo biashara. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, mtu alikwenda studio kwa sababu anataka kuondoka na picha. Siku hizi mchuuzi wa Feri anapigwa, anaonyeshwa kioo cha nyuma ya kamera, anaahidiwa, basi. Ila huyo mchuuzi hasahau. Kila mpiga picha akipita anaitwa kwa sauti mbele ya wateja: “Bosi, picha yangu?” Katika sampuli yetu yote, ni lengo hili tu tulilokuta likiwa hai mwezi Juni, na sababu iko wazi: lina mdai, na mdai ana kisu cha samaki.

Limebaki moja lililotushinda kuliainisha: kufuta picha mbovu. Kadi ya GB 64 hubeba kama picha ghafi 2,000 za kamera ya megapikseli 24, na mwenye nayo huazimia kila mwaka kuipunguza. Enzi za mkanda wa picha 36 ubovu ulijulikana siku ya kusafisha, ukiwa umeshalipiwa, na mambo yakaisha. Baadhi yetu tunaliweka katika KU, wengine katika KI-VI, kwa kuwa linaonekana kutegemea kadi kuliko nia. Tunachoweza kuthibitisha ni muda wake wa kutekelezwa: hufanyika ukumbini, mlango ukiwa umeshafunguliwa na mshereheshaji akimwita bibi harusi mtarajiwa aingie, wakati mpiga picha amepiga goti katikati ya zulia, akibonyeza kitufe cha pipa la taka, kikombe kimoja baada ya kingine.