Surf Yenye Njaa

Gari kuukuu hapa Arua si mali ya mwenye gari peke yake. Likiwa zima ni lako: wewe unalipia matairi, wewe unaombwa lifti. Likianza kukosa nguvu linageuka kuwa la umma, na kila mpita njia ana haki ya kuinamia boneti na kutoa hukumu.

Langu ni Hilux Surf ya miaka ya tisini, dizeli ya lita 3 yenye turbo, enjini ambayo mafundi wanaiita 1KZ. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda magari yaliyopita umri wa miaka 15, kwa hiyo marika wa Surf hawaji tena. Waliopo wanazeeka pamoja nasi, na tunasengenywa pamoja.

Ugonjwa wake ulikosa adabu. Asubuhi linawaka mara moja, linatoka uani kwa kishindo. Likianza kupanda kilima cha Ediofe, nguvu zinakwisha katikati ya safari. Unakanyaga mafuta mpaka mguu unagusa bati, na wanakwaya waliobeba ngoma wanakupita wakikusalimu. Kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, jimbo lililoundwa mwaka 1958, liko juu ya kilima hicho, na waumini wa zamani walikipanda kwa miguu. Surf iliamua kuturudisha kwenye desturi hiyo. Jumapili moja shangazi yangu alifungua mlango, akakusanya gomesi yake na kushuka. "Mwanangu, mimi natangulia," alisema kwa upole. "Nitakuwekea nafasi."

Ukilizima na kuliacha lipumzike kwa muda wa kumaliza soda, linawaka tena na nguvu zake zote. Shika hapo, maana hapo ndipo mafundi walipopatia riziki.

Fundi wa kwanza alisikiliza enjini amefumba macho. "Mwalimu, hii ni silinda hedi." Ni kweli 1KZ ikichemka ina sifa ya kupasua hedi, na kwa sababu hiyo mafundi wanaitaja hata ukiwapelekea taa iliyoungua. Maji yangu hayakuwa yakipungua, wala mshale wa joto haukuwa umesogea. Akakaza hiki, akalegeza kile, akalipwa. Jioni gari likaondoka kwa nguvu. Lisiondokeje, na limelala gereji mchana kutwa?

Wa pili alikuwa mtu wa turbo. Alitingisha shafti ya turbo yangu kwa kidole, akaguna. "Imechoka." Kwa bahati njema alikuwa na nyingine ndani ya gunia chini ya benchi, kwa bei ya ndugu. Nilipokataa undugu huo, aliifuta ile ya zamani kwa kitambaa, akairudisha, na gari likapona tena. Wa tatu aliuza nozeli, na ugonjwa ulikuwa nozeli. Kila fundi aligundua maradhi ambayo spea yake anayo.

Kwenye stendi ya boda hukumu ilitoka bila vipimo: "Mwalimu, ni mafuta ya kona." Mji huu una historia hiyo. Kwa miaka mingi vijana waliojulikana kama OPEC waliuza mafuta ya magendo kutoka Kongo kwa jerikeni, chini ya miembe, na hata leo gari likikohoa Arua wao ndio washitakiwa wa kwanza. Lakini mafuta yangu yalitoka kituoni, na risiti ninazo.

Mambo yaliiva safari ya Koboko. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ina lami, kwa hiyo hakuna shimo la kusingizia. Baada ya Maracha nikawa napitwa na malori ya kwenda Sudan Kusini, kisha na baiskeli yenye gunia la mihogo. Mjini Koboko nikapelekwa kwa Hajji mmoja, mzee wa Kinubi aliyeendesha malori ya Yei na Juba kabla mafundi wangu hawajazaliwa. Hakugusa spana. Aliuliza.

"Mwalimu, likikosa nguvu linatoa moshi gani?"

"Halitoi moshi, Hajji."

"Hata mweusi?"

"Hata mweusi."

"Jiko lisilo na kuni halitoi moshi. Gari lako lina njaa."

Nikaingizwa darasani. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: tazama filta ya hewa na mabomba ya turbo. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe ni dizeli isiyoungua, au maji. Nguvu zikipotea bila moshi wowote, shuku kwamba dizeli haifiki. Mafundi wangu wote walikagua mahali inapoungulia. Hakuna aliyeuliza kama imefika.

Hajji akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikashuka, ikakawia kurudi: kuna kitu kinaziba upande wa tanki. Akachomoa bomba la kutoka tanki, akaweka lingine kwenye jerikeni ya dizeli safi iliyofungwa juu ya gari kwa mipira, akakaa kando yangu. Tukashika barabara ya Oraba. Surf ilivuta hadi Hajji akakosa muda wa kuitikia salamu za watu.

Tanki liliposhushwa, ndani mlikuwa na kipande cha kavera, ule mfuko wa plastiki ambao watu wanauweka chini ya kizibo cha jerikeni isivuje. Enjini ikivuta kwa nguvu, kavera inanaswa mdomoni mwa bomba. Ukizima, inaachia na kuelea zake. Shemeji yangu, aliyeazima gari kwenda harusini na jerikeni ya akiba, aliapa hakuona kavera yoyote. Namwamini. Alimimina usiku.

Enjini ya dizeli haichagui sana chakula. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na karanga huku kwetu West Nile tunazo. Ila chakula chenyewe sharti kifike.

Basi, mwenzangu mwenye dizeli kuukuu, kabla hujaruhusu mtu kufungua hedi, tazama moshi. Badilisha filta ya mafuta na ya hewa, mwaga maji yaliyotuama chini ya filta, bonyeza pampu ya mkono, kisha liendeshe kwa jerikeni. Na fundi akikwambia limepona, mpakie, mpande naye mlima mrefu, umlipe mkifika juu.